Picha Wanazo Wao, Majina Tunayo Sisi

Nilipofunua mkebe wa kwanza, harufu iliyonipiga puani ilikuwa ya siki. Si siki ile ya achari, bali kali iliyochachuka, ya kukurudisha kichwa nyuma. Mama mkubwa akacheka.

"Ndiyo maana niliwaambia watoto watupe," akasema. "Vitu vya mzungu hivyo, mwanangu, vishaoza."

Hapo tuko Bondeni, Nakuru, mtaa ambao mtu wa pwani akiingia hajihisi mgeni, kwa kuwa reli ilipofika Nakuru mwaka 1900 ilikuja na watu wetu pia, na wengine hawakurudi tena. Baba yake mama mkubwa ni mmoja wao. Ni ndugu yake babu mzaa mama. Alipanda gari la moshi kutoka Mombasa miaka ya arubaini kwenda kumpikia mlowezi mmoja upande wa Njoro, akaoa Nakuru, akazikwa Nakuru, Mola amrehemu. Sisi huku Kibokoni hatukuwa na picha yake hata moja. Tulikuwa na jina tu, na hadithi ya pilau yake ambayo wazungu waliila kwa kijiko na kuomba tena.

Mlowezi alipouza shamba na kuondoka baada ya uhuru, alimwachia mpishi wake sanduku la nguo kuukuu. Chini ya nguo mlikuwa na mikebe mitano ya bati, mviringo, kila mmoja upana wa kiganja. Mama mkubwa aliweka minne juu ya kabati. Wa tano aliugeuza wa kuwekea sindano na nyuzi, na mkanda uliokuwemo ulikwenda na takataka zamani, hakumbuki lini.

Safu hii huzungumza siasa na mambo ya kaunti, na najua kuna msomaji anauliza mikanda ya mlowezi imeingiaje hapa. Imeingia kwa mlango wa mjadala ambao tumekuwa nao tangu Mfalme Charles alipokuja Kenya mwishoni mwa Oktoba 2023, akafika mpaka Mombasa, akasema anahuzunika na kujutia yaliyotendwa, lakini radhi yenyewe hakuiomba. Tangu hapo, na hata kabla, tumekuwa tukidai vilivyochukuliwa. Wapokomo wanaidai ngadji, ngoma yao iliyochukuliwa mwaka 1902 na ambayo hadi leo imo katika British Museum. Wanandi wanataka kichwa cha Koitalel arap Samoei. Simba wa Tsavo wako Chicago wamejazwa majani. Vigango 30 vya Wamijikenda vilirudi kutoka Denver mwaka 2019. Na mradi wa orodha ya vitu vya Kenya vilivyo ng'ambo ulihesabu vitu zaidi ya 32,000 katika makumbusho na taasisi za nje.

Katika hesabu hizo zote sijasikia mtu akiitaja mikanda ya filamu. Mbao tunaidai, jiwe tunalidai, mfupa tunaudai. Babu zetu wanaotembea, wanaocheka na kubeba sinia, hao hatuwadai. Labda ni kwa sababu hatujui kwamba wako.

Nieleze kwanza hii mikanda ni kitu gani, maana wengi wetu tuliozaliwa miaka ya themanini tunajua kanda za video za harusi, hatujui kilichotangulia. Mikanda ya mama mkubwa ni ya milimita 8. Kampuni ya Kodak ilianza kuiuza mwaka 1932 ili mtu wa kawaida, asiye na studio, aweze kumrekodi mtoto wake akijifunza kutembea. Mkanda ulikuwa na upana wa milimita 16. Ulipita katika kamera mara moja ukipigwa upande mmoja, ukageuzwa, ukapita tena ukipigwa upande wa pili, kisha kiwandani ukapasuliwa katikati na vipande viwili vikaunganishwa kuwa mkanda mmoja wa futi 50. Futi hizo 50 zina picha ndogo 4,000. Kwa mwendo wa picha 16 kwa sekunde, unapata dakika nne na sekunde chache. Basi. Mtu alikuwa akifikiri kabla ya kubonyeza. Mwaka 1965 ikaja Super 8, rahisi zaidi kupakia, lakini hadithi ni ile ile.

Mkanda wenyewe ni asetati, aina ya plastiki. Ikipata joto na unyevu huanza kutoa asidi ile ile iliyomo katika siki. Asidi hiyo huharakisha kuoza, na kuoza huzalisha asidi zaidi, na mkanda mmoja mgonjwa huwaambukiza walio karibu nao. Unasinyaa, unajikunja, mwisho unavunjika kama papadi. Hakuna dawa ya kurudisha hali. Baridi na ukavu hupunguza mwendo tu. Nakuru iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari na usiku wake unahitaji blanketi, ndiyo maana mikebe mitatu kati ya ile minne ilikuwa bado na kitu. Ingekaa Kibokoni miaka sitini na kaskazi yetu na ukuta wetu wa chumvi, leo ningekuwa nasimulia habari ya uji. Wa nne ulikuwa umegandamana kama bonge la sukari guru.

Kosa la kwanza nililifanya mimi mwenyewe. Nina diploma na nina haraka, na viwili hivyo havikai pamoja vizuri. Nilichukua mkanda mmoja nikampelekea fundi wa mjini, sitamtaja kwa kuwa hakuwa na nia mbaya. Alikuwa na projekta ya zamani. Akauingiza mkanda, akaangaza ukutani na kurekodi kwa simu. Picha ilikuwa ikipepesa kama taa ya umeme mdogo, kwa sababu mwendo wa mkanda na mwendo wa simu haulingani. Hilo lingevumilika. Lakini mkanda uliosinyaa, matundu yake ya pembeni hayaingii tena kwenye meno ya mashine. Yakachanika. Mkanda ukasimama, na taa ya projekta ina moto. Katikati ya picha pakatokea doa la kahawia, likapanuka, likawa jeupe. Sekunde mbili. Sijui aliyekuwa pale ni nani na sitajua.

Baadaye nikampata kijana mwenye skana ndogo, akanifunza. Mkanda mkongwe haupitishwi kwenye projekta. Kwanza unakaguliwa kwa mkono, taratibu, viungo vilivyoachia vinaunganishwa upya, vumbi linafutwa kwa kitambaa laini kikavu. Maji hayagusi, kwa sababu picha imekaa juu ya tabaka la gelatini, kitu kile kile cha jeli, kinachotokana na mifupa na ngozi za wanyama. Ndiyo maana ukungu unaipenda: kwake hicho ni chakula. Kisha skana inachukua picha moja moja, kwa taa isiyo na joto. Mashine yake ndogo ilikuwa ikichukua picha mbili kwa sekunde, kwa hivyo mkanda wa dakika nne ulituchukua zaidi ya nusu saa. Tulikaa tukinywa chai, tukiusikia ukilia tik, tik, tik.

Halafu yanakuja marekebisho: mwendo urudishwe picha 16 kwa sekunde ili watu wasikimbie kama kuku, mwanga usawazishwe, mikwaruzo ipunguzwe. Rangi yetu ilikuwa nzuri kupita nilivyotarajia. Ilikuwa Kodachrome, na hiyo ikikaa gizani rangi zake hudumu, ingawa leo hakuna tena mahali pa kuiosha. Maabara ya mwisho, huko Kansas, Marekani, iliacha kupokea mikanda hiyo mwisho wa mwaka 2010. Kijana wangu akaniuliza kama nataka atumie programu ya akili bandia kung'arisha nyuso. Nikasema jaribu. Matokeo yalikuwa ya ajabu, ngozi laini, macho makali. Tukamwonyesha mama mkubwa. Akatazama, akasogeza uso karibu, akasema, "Huyu si baba." Programu ilikuwa imembunia macho. Tukafuta, tukabaki na ile yenye chengachenga.

Sasa niwaambie tulichokiona.

Dakika 12 kwa jumla. Ziwa Nakuru na heroe wengi hata ukingo wote umekuwa waridi. Maonyesho ya kilimo, ng'ombe wamefungwa utepe. Mashine ya kuvuna ngano. Watoto wa kizungu wakirushiana maji. Mbwa wawili. Na katikati ya mkanda wa pili, kwa sekunde 11, mlango wa jiko unafunguka na anatoka mwanamume wa kanzu nyeupe na kofia, amebeba sinia yenye buli. Anaiona kamera, anatabasamu, karibu anaona haya. Anasimama. Kuna mtu anamwambia kitu, kwa sababu anageuza kichwa. Anarudi ndani, mlango unafungwa. Kisha anatoka tena, sinia ile ile, bila tabasamu, anapita moja kwa moja.

Sekunde 11 kwa picha 16 ni picha 176. Ndiyo mali yote ya ukoo wetu kumhusu mtu huyu.

Mama mkubwa hakulia, kama mnavyotarajia niandike. Alisema, "Ndiye. Atembea vile vile." Kisha akaomba aone tena, na tena, na mara ya nne akaanza kuwataja wengine. Yule wa bustani ni fulani, nyumba yao ilikuwa nyuma ya stoo ya ngano. Yaya ni fulani, alikuwa wa Ravine. Dereva alihama baadaye akaenda Molo. Kwa muda usiofika robo saa alikuwa ametoa majina ya watu wanne. Juu ya mkebe mlowezi alikuwa ameandika mahali, mwaka 1958, na majina ya mbwa. Mbwa wote wawili. Watu hawakuandikwa.

Wenye kamera walikuwa wachache: walowezi, baadhi ya maofisa wa serikali, na wafanyabiashara wa Kihindi wenye nafasi. Wakapiga walichotaka kukikumbuka. Mwaka 1958 nchi ilikuwa bado chini ya Hali ya Hatari iliyotangazwa Oktoba 1952. Kutoka wilaya hii hii ya Nakuru, makumi ya maelfu ya Wakikuyu waliokuwa wakiishi mashambani walikuwa wameshapakiwa malori na treni na kurudishwa kwa nguvu kule kulikoitwa kwao. Katika dakika 12 hakuna habari hiyo. Kuna keki. Lakini kamera haichagui kama mwenye kamera anavyodhani. Nyuma ya watoto wanaorushiana maji unaona ua wa nyaya za miiba, na kwenye lango mtu amekaa kwenye stuli na bunduki mapajani. Mpiga picha hakumpiga yeye, aliwapiga watoto. Askari akaingia mwenyewe pembeni.

Kwa hivyo mtu asiniambie hizi ni picha za kujifurahisha. Mkanda uliomwonyesha Rais Kennedy akipigwa risasi Dallas, tarehe 22 Novemba 1963, ulikuwa wa milimita 8 kama hii, wa mfanyabiashara wa nguo aliyetoka kwenda kuutazama msafara. Sekunde 26. Serikali ya Marekani iliwalipa warithi wake dola milioni 16 mwaka 1999. Hakuna atakayetulipa sisi senti kwa picha za buli, lakini katika Bonde la Ufa nani aliishi wapi, nyumba ngapi zilikuwa nyuma ya stoo ya ngano, kijiji kilikuwepo au hakikuwepo, si maswali ya historia tu. Watu wameuana kwa ajili ya maswali hayo Molo, Njoro, Nakuru na Naivasha, mwaka 1992 na tena Januari 2008. Mkanda unaoonyesha vibanda vya wafanyakazi katika shamba ambalo leo lina mwenye hati nyingine unaweza kuwa ushahidi. Unaweza pia kuwa kiberiti. Yote mawili ni kweli, na ndiyo sababu haifai mikanda hii iwe ya mtu mmoja mwenye skana na akaunti ya mtandaoni.

Hata ziwa. Heroe wale tuliowaona ukingoni, leo ukienda hutawaona vile. Maji ya Ziwa Nakuru yamepanda tangu takriban mwaka 2010, eneo lake limetoka kilomita za mraba 40 hivi likapita 60, lango la zamani la mbuga likamezwa, na nyumba za watu upande wa Mwariki zikaingiliwa. Ripoti ya serikali ya mwaka 2021 kuhusu maziwa ya Bonde la Ufa ilihesabu kaya zaidi ya 75,000 zilizohamishwa na maji katika kaunti 13. Mtaalamu wa maziwa akiupata mkanda unaoonyesha ukingo ulipokuwa mwaka 1958, na mti au jengo la kupimia, ana kitu ambacho hakukipata kwenye faili.

Mikanda yenyewe iko wapi? Michache iko juu ya makabati kama la mama mkubwa. Mingi iliondoka na wenyewe, na wenyewe walipokufa watoto wao wakaipeleka mahali. Mahali pamoja ni Bristol, Uingereza. Pale palikuwa na makumbusho ya himaya ya Uingereza na Jumuiya ya Madola, yaliyofunguliwa mwaka 2002 na kufunga milango mwaka 2008. Mwaka 2012 mali yake ilikabidhiwa mji wa Bristol, na sasa hifadhi ya nyaraka ya mji huo ina picha zipatazo 500,000 na filamu zipatazo 2,000, nyingi zikiwa za watu binafsi kama huyu mlowezi wetu. Kuna pia orodha ya filamu za makoloni iliyowekwa kwenye intaneti mwaka 2010, yenye filamu zaidi ya 6,000 zilizotawanyika katika hifadhi za Uingereza. Zilizoweza kutazamwa papo hapo ni chache sana kati ya hizo.

Sasa tazameni tofauti iliyopo baina ya mkanda na ngadji. Ngadji ni moja. Ikirudi Tana River, London hawanayo tena, na hapo ndipo wanapokaza shingo na kuleta sheria yao ya makumbusho. Mkanda ukishaingizwa dijitali, nakala inayokuja Nakuru haiwapunguzii Bristol kitu hata kidogo. Kisingizio kimekwisha. Tena wao ndio watakaofaidika, kwa sababu wana maelfu ya watu wasiojulikana. Ukisoma maelezo ya orodha kama hizi unakutana na mtumishi, mpishi, mfanyakazi, wenyeji wakicheza ngoma. Picha wanazo. Majina tunayo sisi, Bondeni, Njoro, Naivasha, Kibokoni, katika vichwa vya watu wenye umri wa miaka themanini na tisini ambao kila wiki twasoma Yasini ya mmoja wao. Anayeweza kusema "huyu ni fulani" akiondoka, nakala safi kuliko zote duniani haimrudishi yule aliyebeba sinia kuwa mtu. Atabaki mpishi.

Mimi ningefurahi kudai kwa sauti kubwa kama wengine. Lakini hapa hatuna haja ya kungoja London iombe radhi. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imezipa kaunti kazi ya maktaba, makumbusho, sinema na shughuli za utamaduni. Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1965, ina vituo vyake nje ya Nairobi, kikiwemo cha Nakuru na cha Mombasa. Nakuru ilifanywa jiji tarehe 1 Desemba 2021 kwa mbwembwe nyingi. Jiji linaweza kununua skana moja nzuri na kabati moja la baridi. Sisemi makumbusho mapya yenye jiwe la msingi na jina la gavana. Nasema chumba kimoja katika maktaba, kijana mmoja mwenye mkono mwepesi, na gari la kuwaendea wazee. Nairobi wamefanya jambo la namna hiyo: Book Bunk, shirika la wananchi tu, liliingia makubaliano na kaunti kuzifufua maktaba ikiwemo McMillan ya mwaka 1931, na katika kazi hiyo wakaanza kuziingiza dijitali picha na magazeti yaliyokuwa yakiliwa na vumbi.

Kikao cha bajeti cha kaunti kinapoitishwa tunakwenda kusema barabara na mitaro, na ni haki. Nilihudhuria kimoja hapa Mombasa nikataja mikanda. Mtu aliyekaa mbele yangu aligeuka akaniangalia kama nimeomba helikopta.

Liko jambo jingine, na hili ni letu zaidi kuliko la bara. Kamera za milimita 8 na baadaye za video ziliingia pia katika nyumba za Waislamu. Ziliingia harusini. Kuna mikanda na kanda ambamo mama zetu na shangazi zetu, waliokuwa wakitoka kwa buibui, wanacheza lelemama ndani, vichwa wazi, kwa sababu mwenye kamera alikuwa mwanamke au mtoto wa nyumbani na kila mtu alijua picha ile haitatoka. Waliridhia kupigwa picha ya kuonyeshwa sebuleni ukutani, mara moja kwa mwaka. Hawakuridhia simu ya kila mtu. Leo unampelekea fundi, anaibadilisha, anabaki na nakala kwenye kompyuta yake, na wiki ya pili bi harusi wa mwaka 1974 anazunguka kwenye mitandao na muziki usio wake.

Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 na ina meno. Mwaka 2023 kamishna wa data aliitoza klabu moja ya Nairobi faini ya shilingi milioni 1.85 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake. Lakini sheria hiyo ni ya walio hai. Maiti hawezi kushtaki. Sitara ya marehemu iko mikononi mwa warithi, na warithi ndio hao wanaotaka kuonyesha. Kwa hivyo anayempa fundi mkanda amwandikishe, hata kwenye karatasi ya daftari: nakala ngapi, atafuta lini, nani ataona. Na mkanda wa asili urudishwe, usiachwe dukani kwa kuwa "sasa tunayo kwenye flashi". Flashi hufa bila kutoa harufu. Mkanda huu umeishi zaidi ya miaka 60 ndani ya sanduku la nguo. Sijawahi kuona diski yangu yoyote ikifika kumi.

Mama mkubwa mwenyewe aliweka masharti kabla sijaondoka. Ya baba yake nimruhusiwe kuionyesha kwa ukoo, na kuandika hapa. Ya yaya wa Ravine isitumwe popote mpaka watoto wake watafutwe, kwa kuwa ameonekana akinyonyesha. Nilikuwa nimetazama mkanda ule mara ishirini na sikuwa nimeliona hilo kuwa ni jambo.

Nimeandika barua kwa hifadhi ya Bristol nikieleza mikebe mitatu, mahali, mwaka, na majina manne, nikiuliza kama wana mikanda mingine ya upande wa Njoro. Mkebe wa nne, ule uliogandamana, nimeufunga na kuuweka kwenye friji mbali na ile mingine, ndani ya mfuko wa plastiki wenye vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu. Wako wataalamu wanaoweza kuubandua taratibu, lakini si kazi ya mashine ndogo na chai.

Baada ya Idi narudi Nakuru. Mama mkubwa amewaalika wenzake wawili, mmoja ana miaka tisini na moja na zamani alikuwa akifua nguo katika shamba la jirani. Tumekubaliana Jumamosi baada ya adhuhuri, wanawake watupu kwanza, mimi nikae barazani mpaka niitwe. Ameniambia nilete daftari kubwa. Na ameniuliza tena, kwa simu, lile swali ambalo sina jibu lake: yule mtu aliyekuwa nyuma ya kamera alimwambia nini baba, hata mara ya pili akatoka hana tabasamu?